Maswali Matatu Kabla ya Kompyuta: Kujifunza Takwimu za Vigeu Vingi katika Utafiti wa Sayansi za Jamii

Ikisiri

Watafiti wengi wa sayansi za jamii hukutana na takwimu za vigeu vingi wakiwa tayari wamekusanya data. Hujifunza amri za programu ya kompyuta kabla ya kuelewa swali ambalo kila mbinu iliundwa ili kulijibu. Makala haya yanadai kwamba mbinu hizo hueleweka vyema zaidi zinapofundishwa kupitia maswali matatu: nani analinganishwa na nani, vipimo vingi vinapima kitu gani kwa pamoja, na nani yumo ndani ya kundi gani. Kila swali linafafanuliwa kwa mfano halisi: udahili wa wanafunzi katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973, fahirisi ya ukwasi wa kaya inayotumika katika tafiti za afya na demografia, zikiwemo za Tanzania, na mjadala wa mitindo ya ufundishaji uliozuka Uingereza mwaka 1976. Makala yanaonesha kwamba hesabu za msingi za mifano hiyo zinaweza kufanywa kwa kalamu na karatasi, na kwamba mtafiti aliyezifanya hivyo huwa na uwezo mkubwa zaidi wa kutetea matokeo yake mbele ya watahini.

1.0 Utangulizi

Katika tasnifu nyingi za sayansi za jamii, sura ya uwasilishaji wa data huwa na majedwali ya idadi na asilimia. Jedwali moja huonesha jinsi, la pili umri, la tatu kiwango cha elimu, na yanayofuata huonesha majibu ya hojaji, swali baada ya swali. Utaratibu huo una manufaa yake, kwani humjulisha msomaji watafitiwa ni akina nani. Hata hivyo, maisha ya jamii hayatokei kigeu kimoja kimoja. Mwanafunzi wa shule ya msingi ana jinsi, ana umri, ana lugha ya nyumbani, ana wazazi wenye kipato fulani, na anasoma katika shule yenye walimu wa kutosha au wachache. Hayo yote humfikia kwa wakati mmoja. Mtafiti anayeyatazama moja moja anaweza kufikia hitimisho lililo kinyume kabisa na hali halisi.

Takwimu za vigeu vingi zilibuniwa ili kukabiliana na tatizo hilo. Historia yake si fupi. Karl Pearson alieleza msingi wa uchanganuzi wa vijenzi vikuu mwaka 1901. Charles Spearman alianzisha uchanganuzi wa faktori mwaka 1904 alipokuwa akichunguza uwezo wa akili. Harold Hotelling aliendeleza kazi ya Pearson mwaka 1933. Na Ronald Fisher alieleza mbinu ya kutenganisha makundi mwaka 1936. Kwa miongo mingi mbinu hizo zilitumiwa na wachache kwa sababu hesabu zake zilichosha. Programu ya SPSS ilipoanza kutumika mwaka 1968, na baadaye programu huria ya R, kizuizi hicho kiliondoka. Kazi iliyochukua wiki sasa inachukua sekunde.

Wepesi huo umezaa tatizo jipya. Mwanafunzi anaweza kupata jedwali la rigresheni bila kujua limejibu swali gani. Anapoulizwa na mtahini maana ya namba fulani, hurudia jina la namba hiyo badala ya kueleza maana yake. Linaloathirika hapo ni zaidi ya alama ya mtahiniwa. Matokeo ya utafiti wa jamii huhusu watu: nani anahesabiwa kuwa maskini, ni taasisi gani inatuhumiwa kwa ubaguzi, ni mwalimu gani anaambiwa aache namna yake ya kufundisha. Namba isiyoeleweka na aliyeitoa inaweza kuwa hukumu juu ya watu hao.

2.0 Ufafanuzi wa Istilahi

Katika makala haya, *kigeu* ni sifa yoyote inayoweza kutofautiana kutoka mtafitiwa mmoja hadi mwingine, kama vile umri, jinsi au alama za mtihani. *Kigeu tegemezi* ni kile ambacho mtafiti anataka kueleza mabadiliko yake, na *kigeu huru* ni kile kinachotumika kuyaeleza. *Takwimu za vigeu vingi* ni mbinu zinazochanganua vigeu vitatu au zaidi kwa pamoja. Baadhi ya wanatakwimu hulitumia jina hilo kwa maana finyu zaidi, yaani mbinu zenye vigeu tegemezi vingi pekee. Katika ufundishaji wa watafiti wa sayansi za jamii, maana pana ndiyo iliyozoeleka, na ndiyo inayofuatwa hapa.

Mbinu hizo zinaweza kuwekwa katika mafungu mawili makubwa. Fungu la kwanza hueleza kigeu kimoja kwa kutumia vingine. Humo zimo rigresheni ya kawaida, rigresheni ya lojistiki na modeli za ngazi. Fungu la pili hufupisha vigeu vingi kuwa vichache au hupanga watafitiwa katika makundi. Humo umo uchanganuzi wa vijenzi vikuu, wa faktori na wa makundi. Mwanafunzi anayejua swali lake liko katika fungu lipi amekwisha kuvuka nusu ya ugumu wa kuchagua mbinu.

3.0 Swali la Kwanza: Nani Analinganishwa na Nani?

3.1 Mfano wa Berkeley

Mwaka 1973 watu 12,763 waliomba kujiunga na masomo ya uzamili na uzamivu katika Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Kati ya wanaume 8,442, asilimia 44 walikubaliwa. Kati ya wanawake 4,321, waliokubaliwa walikuwa asilimia 35. Kwa idadi kubwa kiasi hicho, tofauti ya asilimia 9 haiwezi kuelezwa kuwa ni ya kubahatisha. Jedwali la vigeu viwili, jinsi na udahili, lilielekeza kwenye tuhuma moja tu: wanawake walibaguliwa.

Bickel, Hammel na O'Connell (1975) waliuliza swali la ziada. Chuo hakikuwa na mlango mmoja wa udahili. Kila idara iliamua waombaji wake. Kigeu cha tatu, idara, kilipoingizwa, picha ilibadilika. Jedwali la 1 linaonesha idara sita zilizokuwa na waombaji wengi zaidi.

*Jedwali la 1: Waombaji na asilimia ya waliokubaliwa katika idara sita*

| Idara | Wanaume walioomba | Waliokubaliwa (%) | Wanawake walioomba | Waliokubaliwa (%) |
|---|---|---|---|---|
| A | 825 | 62 | 108 | 82 |
| B | 560 | 63 | 25 | 68 |
| C | 325 | 37 | 593 | 34 |
| D | 417 | 33 | 375 | 35 |
| E | 191 | 28 | 393 | 24 |
| F | 373 | 6 | 341 | 7 |
| Jumla | 2,691 | 45 | 1,835 | 30 |

Mstari wa mwisho unaonesha pengo la asilimia 15 dhidi ya wanawake. Mistari sita iliyo juu yake haioneshi pengo hilo. Katika idara nne wanawake walikubaliwa kwa kiwango cha juu kuliko wanaume, na katika mbili zilizobaki walizidiwa kwa kiasi kidogo. Sababu inaonekana katika safu za waombaji. Wanaume 1,385 kati ya 2,691, yaani zaidi ya nusu, waliomba idara A na B, ambako ilikuwa rahisi kukubaliwa. Wanawake walioomba idara hizo walikuwa 133 tu kati ya 1,835, yaani takribani asilimia 7. Wengi wao waliomba idara ambazo ziliwakataa waombaji wengi, wawe wanaume au wanawake. Jumla ya chini ililinganisha watu waliogonga milango tofauti.

3.2 Kutoka Jedwali hadi Rigresheni

Mwanafunzi anaweza kuendelea hatua moja kwa kalamu. Achukue waombaji wote 4,526 wa idara sita na kuuliza: kama wote wangekubaliwa kwa viwango vya wanaume vya kila idara, wangapi wangepita? Kwa kutumia viwango kamili kabla ya kukadirishwa, jibu ni takribani 1,753, yaani asilimia 38.7. Kwa viwango vya wanawake jibu ni takribani 1,946, yaani asilimia 43.0. Kwa hiyo, mgawanyo wa idara unapofanywa kuwa sawa, wanawake ndio wanaotangulia. Hesabu hiyo haihitaji zaidi ya kuzidisha, kujumlisha na kugawanya, lakini ndani yake imo maana yote ya kauli inayorudiwa sana katika tasnifu: "baada ya kudhibiti vigeu vingine". Kudhibiti ni kulinganisha watu wanaofanana kwa sifa fulani, kisha kujumlisha malinganisho hayo kuwa moja.

Rigresheni hufanya kazi hiyo hiyo pale ambapo vigeu ni vingi kiasi kwamba jedwali haliwezi kugawanywa zaidi. Kwa kuwa udahili una majibu mawili tu, kukubaliwa au kukataliwa, mbinu inayofaa ni rigresheni ya lojistiki. Mbinu hiyo hutumia uwiano wa waliokubaliwa kwa waliokataliwa. Kwa wanaume uwiano huo ni 1,198 kwa 1,493, yaani 0.80, kwa wanawake ni 557 kwa 1,278, yaani 0.44. Uwiano wa wanawake ukigawanywa kwa ule wa wanaume hupatikana 0.54. Hiyo ndiyo namba ambayo kompyuta hutoa kigeu cha jinsi kinapokuwa peke yake katika modeli. Kigeu cha idara kinapoongezwa, namba hiyo hupanda hadi takribani 1.10, na tofauti yake na 1 haitoshi kuthibitisha kwamba jinsi moja ilipendelewa.

Mtafiti aliyeifuata njia hii kutoka kwenye jedwali hawezi kuiona 1.10 kama namba iliyotoka kusikojulikana. Ataiona pia kasoro yake. Modeli hiyo huchukulia kwamba athari ya jinsi ni moja katika idara zote, ilhali Jedwali la 1 linaonesha kwamba idara A ni tofauti: humo uwiano wa wanawake ni karibu mara tatu ya ule wa wanaume. Hali ambapo athari ya kigeu kimoja hutegemea kigeu kingine huitwa *mwingiliano*. Asiyelitazama jedwali kabla ya kuunda modeli hawezi kujua kwamba mwingiliano huo ulifaa kuchunguzwa.

3.3 Jambo Ambalo Modeli Haiamui

Ni rahisi kuhitimisha kwamba mfano wa Berkeley unathibitisha kuwa ubaguzi haukuwepo. Hitimisho hilo linapita mipaka ya data. Idara si sifa iliyotangulia jinsi; ni jambo lililotokea baadaye, katika njia inayomtoa msichana shuleni hadi kwenye fomu ya maombi. Kama wasichana walikosa maandalizi ya hisabati tangu shule ya sekondari, au walielekezwa kwenye masomo yenye nafasi chache, basi uchaguzi wa idara wenyewe umebeba athari za jamii. Kuidhibiti idara ni kuuliza kama idara ziliwatendea sawa waombaji waliozifikia. Kutoidhibiti ni kuuliza kama wanaume na wanawake walikuwa na fursa sawa ya kuingia chuoni. Yote mawili ni maswali halali, na majibu yake ni tofauti.

Kwa sababu hiyo, ni lazima kutofautisha *kigeu kivurugaji*, kinachoathiri kigeu huru na kigeu tegemezi kwa pamoja, na *kigeu cha njiani*, ambacho kigeu huru hupitia ili kukifikia kigeu tegemezi. Kwa kompyuta vyote viwili ni safu za namba. Nadharia, historia na uelewa wa jamii inayotafitiwa ndivyo vinavyovitofautisha. Mtafiti anayechunguza uhusiano wa lugha ya nyumbani na ufaulu, kwa mfano, hana budi kueleza kama makazi ya mjini au kijijini yanaathiri lugha na ufaulu kwa pamoja, na kama ushiriki darasani ni njia ambayo lugha hupitia hadi kwenye ufaulu. Akidhibiti ushiriki bila kufikiri, atakuwa ameondoa sehemu ya athari ile ile aliyotaka kuipima.

4.0 Swali la Pili: Vipimo Vingi Vinapima Nini kwa Pamoja?

4.1 Msingi wa Vijenzi Vikuu

Dhana nyingi za sayansi za jamii hazipimiki moja kwa moja. Mtazamo kuhusu lugha, imani kwa serikali na hali ya ukwasi ni mambo yanayokisiwa kupitia vidokezo vingi. Uchanganuzi wa vijenzi vikuu hutafuta mchanganyiko wa vidokezo unaobeba sehemu kubwa zaidi ya tofauti zilizopo baina ya watafitiwa.

Wazo hilo hueleweka kwa vigeu viwili tu. Tuseme vigeu viwili vilivyosawazishwa vina kiwango cha uhusiano cha 0.6. Kila kigeu huleta kipande kimoja cha mtawanyiko, hivyo jumla ni 2. Kijenzi cha kwanza hubeba 1 + 0.6, yaani 1.6, cha pili hubeba 1 − 0.6, yaani 0.4. Kijenzi cha kwanza kimebeba asilimia 80 ya habari yote. Kama uhusiano ungekuwa 0, kila kijenzi kingebeba 1, na ufupisho usingekuwa na faida yoyote. Kutokana na mfano huu inaeleweka pia asili ya kanuni ya Kaiser (1960), inayosema vibaki vijenzi vyenye thamani zaidi ya 1: kijenzi kisichozidi 1 hakikubeba zaidi ya kigeu kimoja cha awali. Hata hivyo, katika sampuli yoyote, data za kubahatisha nazo hutoa vijenzi vinavyozidi 1 kidogo. Ndiyo maana Horn (1965) alipendekeza kulinganisha thamani zilizopatikana na zile zinazotokana na data zisizo na uhusiano wowote. Tasnifu inayotumia kanuni ya Kaiser peke yake huelekea kuhesabu vijenzi vingi kuliko vilivyopo.

4.2 Fahirisi ya Ukwasi wa Kaya

Matumizi yaliyoenea sana ya mbinu hii yanaonekana katika tafiti za afya na demografia. Nchini Tanzania tafiti hizo zimefanyika kwa awamu kadhaa tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990. Hojaji ya kaya huuliza kuhusu umeme, redio, simu, baiskeli, chanzo cha maji, aina ya choo, nishati ya kupikia na vifaa vilivyojengea sakafu, kuta na paa. Haiulizi kipato, kwa kuwa kipato cha mkulima au mchuuzi hakikadiriki kwa urahisi katika usaili mfupi. Filmer na Pritchett (2001), wakitumia data za India, walionesha kwamba kijenzi cha kwanza cha vidokezo vya mali kinaweza kutumika badala ya takwimu za matumizi ya kaya. Kila kidokezo hupewa uzito, alama za kaya hujumlishwa, na watu hupangwa katika makundi matano yenye idadi sawa, kuanzia la chini kabisa hadi la juu kabisa. Ripoti hueleza chanjo, uzazi na lishe kwa kufuata makundi hayo.

Uzito huo hutolewa na mahusiano yaliyomo katika data. Hakuna kamati inayokaa na kuuamua. Hapo ndipo penye nguvu ya mbinu na penye udhaifu wake. Umeme, sakafu ya saruji na televisheni huambatana mijini, hivyo hupata uzito mkubwa. Mali za kijijini, kama mifugo na mashamba, haziambatani na vitu hivyo. Zinaweza kupata uzito mdogo au hata hasi. Kaya ya mfugaji yenye ng'ombe wengi, nyumba ya udongo na isiyofikiwa na nguzo za umeme inaweza kuangukia kundi la chini, ilhali mpangaji wa chumba kimoja mjini, ambaye taa imewekwa na mwenye nyumba, akapanda juu yake. Kijenzi cha kwanza huweza kuwa kipimo cha umjini kiasi kile kile kilivyo kipimo cha ukwasi. Kwa kutambua hilo, waandaaji wa tafiti hizo walipendekeza mwaka 2008 utaratibu wa kukokotoa vipimo tofauti vya mjini na kijijini, kisha kuviunganisha na kile cha taifa zima.

Funzo kwa mtafiti ni kwamba jina la kijenzi hutolewa na mtafiti. Programu huandika "kijenzi cha kwanza". Neno "ukwasi" huongezwa na binadamu, naye anawajibika kulitetea kwa kuonesha uzito wa kila kidokezo na kueleza kwa nini uzito huo una mantiki.

4.3 Tahadhari kuhusu Alfa ya Cronbach

Watafiti wa mitazamo hupenda kuthibitisha hojaji zao kwa alfa iliyoelezwa na Cronbach (1951), na kutangaza kwamba kipimo kimefikia 0.70. Kipimo hicho hutegemea mambo mawili: wastani wa uhusiano baina ya maswali, na idadi ya maswali. Maswali 10 yenye wastani wa uhusiano wa 0.2 tu, ambao ni hafifu, hutoa alfa ya takribani 0.71. Maswali 20 yenye uhusiano huo huo hutoa 0.83. Hojaji imerefuka, dhana haijawa imara zaidi. Aidha, alfa kubwa haithibitishi kwamba dhana inayopimwa ni moja, kwani maswali ya dhana mbili zinazohusiana kiasi yanaweza kufikia kiwango hicho. Jambo hilo huhitaji uchanganuzi wa faktori.

5.0 Swali la Tatu: Nani Yumo ndani ya Kundi Gani?

Mwaka 1976 Neville Bennett alichapisha Uingereza utafiti kuhusu mitindo ya ufundishaji na maendeleo ya wanafunzi wa shule za msingi. Alitumia uchanganuzi wa makundi kuwapanga walimu kwa mitindo yao, kisha akalinganisha maendeleo ya wanafunzi wao. Matokeo yalionesha kwamba wanafunzi wa walimu waliofuata mtindo rasmi, wenye mwalimu kama kiongozi wa darasa, walitangulia wale wa mitindo huria. Magazeti yaliupokea kwa kishindo, na mjadala wa umma kuhusu shule ukapata silaha mpya.

Wanatakwimu waliona tatizo katika hesabu. Wanafunzi walikuwa mamia, lakini walimu waliofuatiliwa hawakufika 40. Uchanganuzi ulimhesabu kila mwanafunzi kama shahidi anayejitegemea, ilhali wanafunzi wa darasa moja hupata mwalimu mmoja, mtaa mmoja na vitabu vile vile. Data ziliporudiwa na Aitkin, Bennett na Hesketh (1981), kwa kuzingatia kwamba wanafunzi wamo ndani ya madarasa na kwa njia tofauti ya kuwapanga walimu, tofauti za mitindo zilipungua na hazikubaki na uthabiti wa kitakwimu uliodaiwa awali. Ni jambo la kuheshimika kwamba Bennett mwenyewe alikuwa miongoni mwa waandishi wa marudio hayo.

Ukubwa wa tatizo unaweza kukadiriwa kwa kanuni fupi. Tuseme mtafiti amechagua shule 20 na wanafunzi 30 katika kila shule, jumla 600. Tuseme pia kiwango cha kufanana ndani ya shule ni 0.2, maana yake sehemu moja kati ya tano ya tofauti zote za alama ni tofauti baina ya shule. Mtawanyiko wa makadirio ya wastani huongezeka kwa 1 + (30 − 1) × 0.2, yaani mara 6.8. Ukigawanya 600 kwa 6.8 hupata takribani 88. Wanafunzi 600 wametoa habari sawa na wanafunzi 88 waliochaguliwa mmoja mmoja. Mtafiti anayepuuza jambo hilo hupata kosa sanifu dogo kuliko linavyostahili, na tofauti zisizokuwepo humjia zikiwa na alama za nyota pembeni.

Hali hii inawagusa moja kwa moja watafiti wa Afrika Mashariki, kwa kuwa karibu kila utafiti wa elimu, afya au lugha hupitia shule, vijiji au kata. Usampulishaji wa makundi si kosa. Mara nyingi ndio pekee unaowezekana kwa fedha zilizopo. Kosa ni kukusanya data kwa makundi na kuzichanganua kana kwamba hakuna makundi. Modeli za ngazi hutenga tofauti zilizo baina ya wanafunzi na zilizo baina ya shule. Funzo jingine linahusu mipango: kuongeza shule huongeza habari zaidi kuliko kuongeza wanafunzi katika shule zile zile. Kwa mfano huo huo, shule 40 zenye wanafunzi 15 kila moja hutoa habari sawa na wanafunzi 158 hivi, kwa idadi ile ile ya 600. Uamuzi huo hufanywa wakati wa kuandika pendekezo la utafiti, na hauwezi kurekebishwa baada ya kurudi kutoka uwandani.

6.0 Mpangilio wa Kujifunzia na Kutahini

Kutokana na maswali hayo matatu, mpangilio wa kujifunzia unaopendekezwa ni huu. Mwanafunzi aanze na jedwali la vigeu viwili, kisha aligawe kwa kigeu cha tatu kwa mkono wake. Afuate rigresheni yenye kigeu huru kimoja, halafu viwili, akilinganisha kila namba mpya na jedwali alilokwisha kulielewa. Baada ya hapo aingie katika rigresheni ya lojistiki, vijenzi vikuu na faktori, na mwisho modeli za ngazi. Data za Berkeley zimo ndani ya programu ya R, inayopatikana bila malipo, hivyo hesabu zote za sehemu ya 3.0 zinaweza kurudiwa na yeyote mwenye kompyuta.

Kwa upande wa lugha, kufundisha takwimu kwa Kiswahili kuna faida ambayo haijatumika ipasavyo. Istilahi ya kukopa inaweza kumficha mwanafunzi asiyeelewa. Sentensi kamili ya Kiswahili haimfichi. Kila tafsiri ya namba iandikwe kwa sentensi yenye mambo matatu: kundi linalozungumziwa, kundi linalolinganishwa nalo, na sifa zilizofanywa kuwa sawa. Badala ya kuandika kwamba "jinsi haikuwa na athari", mtafiti aandike kwamba "miongoni mwa waombaji wa idara moja, wanawake hawakuonekana kukubaliwa kwa kiwango tofauti na wanaume". Sentensi ya pili ni ndefu zaidi, lakini inabeba mipaka yake yenyewe.

Mtahini naye anaweza kuyatumia maswali hayo kupima uelewa bila kulazimika kuwa mwanatakwimu. Katika rigresheni, aulize kila kigeu kilichodhibitiwa kiliingizwa kwa sababu gani, na kama ni kivurugaji au ni cha njiani. Katika vijenzi na faktori, aulize jina la kijenzi limetoka wapi na ni kidokezo gani kinapingana nalo. Katika data za shule au vijiji, aulize makundi yalikuwa mangapi na uchanganuzi uliyazingatia wapi. Mtahiniwa aliyeelewa atajibu kwa maneno ya kawaida. Asiyeelewa atarudi kwenye jina la programu.

7.0 Hitimisho

Makala haya yameonesha kwamba ugumu wa takwimu za vigeu vingi uko zaidi katika kujua swali kuliko katika hesabu. Jedwali la Berkeley limeonesha kuwa pengo la asilimia 15 linaweza kutoweka kigeu cha tatu kinapoingizwa, na kwamba kutoweka kwake hakufungi mjadala wa haki. Fahirisi ya ukwasi imeonesha kuwa uzito unaotolewa na data unaweza kuupendelea mji dhidi ya kijiji. Mjadala wa mitindo ya ufundishaji umeonesha kuwa mamia ya wanafunzi wanaweza kuwa ushahidi wa madarasa machache. Vyuo vinavyofundisha uzamili na uzamivu kwa Kiswahili vinashauriwa kuweka hesabu hizi za mkono kabla ya mafunzo ya programu, na kuzifundisha kabla ya wanafunzi kwenda uwandani, wakati bado inawezekana kubadili idadi ya shule, kuongeza swali katika hojaji, au kuomba kigeu ambacho bila hicho ulinganisho wa haki hauwezekani.